Nataka 4A-GE yangu ifike 8,500 bila kunoki

SWALI

Ndugu mafundi wa Safu ya Karakana,

Habari za kazi. Mimi ni msomaji wenu wa Isevya, Tabora. Nina Corolla AE100 iliyokuja na injini ya 5A-FE. Niliitoa nikafunga 4A-GE ya valvu 16, ile yenye milango midogo ya hewa kwenye hedi. Gari hili ndilo ninaloendea kazini kila siku, na wiki nyingine linanipeleka Urambo na kurudi. Mara chache kwa mwaka naliingiza kwenye mbio fupi za kupimwa muda, nyingi kwenye uwanja wa moramu, na nikibahatika kwenye lami.

Injini ile ilinoki. Nilikuwa kwenye kona ndefu, gia ya tatu, mshale wa mizunguko umevuka 7,000 kwa dakika. Taa ya oili iliwaka na kuzimika mara mbili, kisha kugonga kukaanza chini. Ilipofunguliwa, beringi ya konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki) ya silinda ya tatu ilikuwa imezunguka na krenki (shafti kuu ya chini) imekwanguka. Oili ilikuwa imejaa kwenye kijiti na joto la maji halikuwa limepanda.

Nimenunua 4A-GE nyingine ya aina ileile, nzima, haijafunguliwa. Safari hii nataka ijengwe iende 8,500 na Jumatatu bado niendee kazini. Shida ni kwamba kila fundi ana lake. Mmoja anasema nitie krenki ya 7A, injini nyingine ya Toyota ya ukoo huohuo, ili iwe na nguvu zaidi. Mwingine anasema nitumie oili ya 20W-50 tu, nitoe na themostati (vali inayofunguka maji ya injini yakipata joto) kwa sababu Tabora kuna joto. Wa tatu ameniletea puli nyepesi ya alumini na kamshafti (shafti zinazofungua valvu) za digrii 304, yaani zinazoacha valvu wazi kwa muda mrefu. Pesa ninayo, ila si ya kufanya yote kwa mkupuo. Nianze na nini, kipi nikiache, na kazi gani nisiifanyie hapa nyumbani?

Msomaji, Isevya


JIBU

Ndugu yetu wa Isevya,

Tuanze na kikomo cha mizunguko, maana ndicho kitakachokuamulia kila unachonunua. 4A-GE ina silinda ya kipenyo cha milimita 81 na mwendo wa pistoni wa milimita 77. Kwenye 8,000, wastani wa kasi ya pistoni ni mita 20.5 kwa sekunde. Kwenye 8,500 ni mita 21.8. Namba hizo zinaonekana jirani, lakini mzigo kwenye konrodi hupanda kwa kipeo cha pili cha mizunguko. Chukua pistoni, pini, ringi na kichwa cha juu cha konrodi, vyote pamoja tuseme nusu kilo. Kwenye 8,000, pistoni inapofika juu kabisa na kugeuzwa irudi chini, nusu kilo hiyo inaivuta konrodi kwa nguvu ya uzito wa tani 1.8. Kwenye 8,500 inavuka tani 2. Mvuto mbaya kuliko yote hutokea mwisho wa mwendo wa kutoa moshi, kwa sababu hapo hakuna mlipuko wa kuisukuma pistoni chini na kupunguza mzigo. Kinachoshikilia kila kitu ni bolti mbili za konrodi.

Injini yako ilitoka kiwandani na mgandamizo wa 10.3 kwa 1, ikitoa nguvu farasi 140 kwenye 7,200. Ushauri wetu: jenga ya 8,000 uwanjani, na barabarani kikomo kiwe 7,400. 8,500 inawezekana, lakini itakudai kamshafti kali, springi ngumu, shimu (visahani vya kurekebisha nafasi ya valvu) za chini ya kikombe na kufungua sampu (bakuli la oili chini ya injini) kukagua beringi mara kwa mara, na gari hilohilo halitapendeza tena kwenye foleni ya sokoni. Kwa kamshafti za kistaarabu nguvu huanza kushuka kabla ya 8,000, kwa hiyo mizunguko 500 ya ziada ni kelele tu unayoilipia kwa beringi.

Krenki ya 7A iache. Kwanza haiingii kienyeji: bloku ya 7A ni ndefu kuliko ya 4A, na wanaochanganya huchukua bloku nzima ya 7A na kuiwekea hedi ya 4A-GE. Pili, mwendo wake ni milimita 85.5. Pistoni ya 7A kwenye 7,000 inakimbia sawasawa na ya kwako kwenye 7,770. Ni injini nzuri ya kuvuta kutoka chini, ila si hiyo unayoitaka.

Sasa kile kifo cha injini ya kwanza. Haikufa kwa mizunguko, ilikufa kwa kukosa oili, na taa ilikuambia. Kwenye kona ndefu oili yote ya sampu hupanda ukutani, mbali na mdomo wa kufyonzea, na pampu ikabaki inafyonza hewa. Kijiti kilisoma umejaa kwa sababu ulikipima gari limesimama. Beringi ya konrodi haigusani na krenki. Huelea juu ya utando wa oili, na utando huo ukikatika hata kwa nusu sekunde kwenye 7,000, madini laini ya beringi huyeyuka, hushikana na chuma, na beringi huzunguka ndani ya konrodi. Ungejenga injini ya fedha nyingi juu ya sampu ileile, ungeiua kwenye kona ileile.

Kwa hiyo shilingi ya kwanza iende kwenye sampu. Chomelea kizuizi cha bati la milimita 1.5 kuuzunguka mdomo wa kufyonzea, chenye milango midogo ya bawaba inayofunguka kuelekea ndani tu: oili iingie, isitoke. Acha upenyo wa milimita 5 au 6 chini ya kuta ili oili irudi haraka. Juu weka bati la kuzuia oili isirushwe na krenki, na kabla ya kufunga zungusha krenki kwa mkono mizunguko miwili kamili kuhakikisha hakuna konrodi inayogusa. Ukitaka kuongeza ujazo, panua sampu kwa pembeni, usiishushe chini. Kwa barabara zetu zikiacha lami, sampu iliyoshushwa itakutana na jiwe. Pima pia umbali kati ya mdomo wa kufyonzea na sakafu ya sampu, uwe milimita 8 hadi 10. Sampu iliyowahi kubonyea huuziba mdomo huo, na watu wakatafuta ugonjwa kwenye pampu.

Usihamishe chochote cha oili kutoka injini ya zamani: si pampu, si bomba la kufyonzea, wala kipozea oili kama ulikuwa nacho. Vipande vya beringi hujificha ndani ya vichuguu vya kipozea na hakuna petroli itakayovitoa vyote. Pampu nunua mpya ya asili. Ifungue kwanza, angalia kama vifuniko havina mikwaruzo na vali ya kupunguzia presha inateleza kwa uhuru, ipake oili nyingi ndipo uifunge.

Hapo ndipo puli ya alumini inapoingia. Pampu ya injini hii inazungushwa moja kwa moja na pua ya krenki. Krenki nayo hujisokota na kujisokotoa kila silinda inapolipuka, na puli ya asili yenye mpira katikati ndiyo inayomeza mtikisiko huo. Ukifunga puli ngumu ya alumini, mtikisiko unabaki kwenye krenki na unapigwa juu ya gia za pampu, ambazo ni za chuma kigumu kinachokatika bila kuonya. Mrudishie fundi puli yake. Nunua ya asili mpya; ile ya zamani ambayo mpira wake umepasuka au umeteleza ni mbaya karibu sawa na ya alumini.

Kuhusu 20W-50: mshale wa presha ukipanda haimaanishi beringi imepata oili zaidi. Presha ni ukinzani. Oili nzito kwenye nafasi ndogo hupita kidogo, hupata joto zaidi na asubuhi huchelewa kufika kwenye kamshafti. Chagua oili kwa nafasi ulizopima. Kwa nafasi tutakazokupa hapa chini, 10W-40 ya sintetiki inatosha barabarani, na siku ya mbio 10W-50. Nunua kwa wakala unayemjua, kopo lenye lakiri, kisha toboa kopo tupu lisije likarudi dukani na oili nyingine ndani.

Funga geji ya presha ya kweli pamoja na geji ya joto la oili. Taa ya kiwandani huwaka presha ikiwa imebaki karibu na sifuri, yaani inatoa taarifa ya msiba. Weka swichi ya pili ya bar 1.5 yenye taa kubwa nyekundu mbele ya macho. Oili ikiwa ya moto, juu ya 6,000 usikubali chini ya bar 4. Joto la oili likae kati ya nyuzi 90 na 110 za selsiasi. Likifika 130, punguza mwendo urudi. Ukifunga kipozea, kiwe na themostati yake, la sivyo oili haitapata joto la kutosha ukiwa unaendea kazini.

Sasa fungua injini mpya. Kabla ya kuagiza pistoni pima bloku, maana silinda ndizo zitakazokuambia saizi. Zikiwa zimekula, panua hadi milimita 81.5 na usiende zaidi; ukuta mnene wa silinda haupindi na ringi hukaa vizuri. Kila silinda itameza cc 401.7, injini nzima 1,607. Mpe mwenye mashine pistoni zenyewe mkononi, apanue kufuata kila moja. Pistoni za kusubu za kiwandani zinavumilia 7,400 vizuri kama hakuna kugonga kwa mlipuko (petroli kulipuka ghafla isivyotakiwa). Kwa 8,000 ya mara kwa mara tumia zilizofuliwa. Hizo hutanuka zaidi zikipata moto, hivyo huhitaji nafasi kubwa, kwa kawaida milimita 0.07 hadi 0.09 kwa aloi ya 2618, lakini karatasi ya mtengenezaji ndiyo inayotawala. Asubuhi zitatoa sauti ya kugonga kidogo mpaka zipate joto. Hiyo ni tabia yake.

Uliza kama karakana ina bamba la toki. Ni bamba nene linalofungwa juu ya bloku kwa bolti za hedi wakati wa kusugua silinda. Bolti zikikazwa huvuta kuta za silinda na kuziacha si duara. Bila bamba utapewa silinda iliyo duara mezani na yai garini. Mwanya wa ringi ya juu uwe milimita 0.32 hadi 0.36, ya pili 0.36 hadi 0.42. Ukiwa mdogo, ringi ikipata moto ncha hukutana na kuvunja ukingo wa pistoni.

Kwenye konrodi ndipo usipobana matumizi. Injini yako ina konrodi za kizazi cha baadaye, zenye pini ya milimita 20 na shingo ya krenki ya milimita 42, ambazo ni imara kuliko za mwanzo. Kwa 7,400 hadi 7,600 zitafaa, kwa sharti bolti ziwe mpya na za daraja la mashindano, kama za ARP. Lakini bolti mpya hubadilisha umbo la tundu la konrodi. Lazima tundu lipimwe bolti zikiwa zimekazwa na kusuguliwa upya liwe duara. Watu wengi huruka hatua hii, kisha wanashangaa beringi mpya imekula pembeni. Kwa 8,000 nunua konrodi za kufuliwa za umbo la H. Bolti zake zikazwe kwa kupima urefu zinavyonyooka, au kwa toki (nguvu ya kukazia) ya mtengenezaji na grisi yake aliyoiweka kwenye boksi. Oili ya kawaida badala ya grisi hiyo hubadilisha mkazo kabisa.

Krenki ipimwe nyufa kwa sumaku, ichongwe ikihitajika hadi andasaizi (kipenyo kilichopunguzwa) ya milimita 0.25, kingo za matundu ya oili zilainishwe, halafu ioshwe kwa brashi ndefu ndani ya kila kichuguu. Nafasi ya oili ya beringi za konrodi iwe milimita 0.040 hadi 0.050, za kati (zinazoshika krenki kwenye bloku) 0.035 hadi 0.045. Plastigeji, ule uzi laini unaobanwa ndani ya beringi kupima nafasi, inakupa picha, ila pima kwa maikromita na geji ya ndani, vifuniko vikiwa vimekazwa. Beringi zenye madini magumu ya mashindano, kama za ACL, huvumilia mzigo lakini hazisamehi uchafu: punje ya mchanga haizami ndani yake, inaikwangua krenki. Toki za kiwandani ni hizi: vifuniko vya kati newtonmita 60, bolti za asili za konrodi 39 kisha uzungushe nyuzi 90 zaidi, bolti za hedi 29, kisha nyuzi 90, kisha nyuzi 90 tena, ukianzia katikati kwenda nje.

Usawazishaji fanya kwa makini hata kama bolti zote ni za bei mbaya. Pistoni nne zisipishane zaidi ya gramu 1, konrodi vilevile kwa kila ncha. Krenki isawazishwe peke yake, halafu ongeza flaiwili (gurudumu zito la mwisho wa krenki), kisha kifuniko cha klachi, na kila kimoja kiwekewe alama ya mahali kinapokaa. Na kuhusu flaiwili: usikubali ile ya chuma cha kusubu ichongwe kwenye mashine iwe nyepesi. Ikipasuka kwenye 8,000 hukata sakafu ya gari na miguu ya aliyemo. Ukitaka nyepesi, nunua ya chuma cha kufuliwa.

Hedi tutaipita haraka kidogo, kwa sababu hedi ya injini hii tayari inapumua vizuri. Badilisha gaidi (mirija inayoongoza valvu) zilizolegea, kata siti (viti ambavyo valvu hukalia) upya, upana wa milimita 1 hadi 1.2 kwa valvu za kuingiza na 1.3 hadi 1.5 za kutoa. Siti nyembamba za kutoa huunguza valvu maana huko ndiko joto linakotorokea. Nafasi ya valvu ikiwa baridi ni 0.15 hadi 0.25 za kuingiza na 0.20 hadi 0.30 za kutoa. Shimu za kiwandani hukaa juu ya kikombe, na kwa kamshafti inayonyanyua sana kwa kasi kubwa zinaweza kuruka nje. Kamshafti za 304 ni za gari lisilokwenda sokoni: chini ya 4,500 haivuti, injini haitulii ikiwa haijakanyagwa, na kontroli boksi (kompyuta ya injini) ya kiwandani haitaielewa. Tafuta za digrii 264 pamoja na springi zake. Springi zipimwe kabla ya kufungwa: kamshafti ikinyanyua hadi mwisho, bado ibaki milimita 1 kabla koili hazijagusana.

Kisha pima umbali wa valvu na pistoni kwa plastisini. Bandika kwenye kichwa cha pistoni, funga hedi na gasketi iliyokwisha kutumika, zungusha kwa mkono mara mbili, fungua na ukate. Kwa upande wa kuingiza isiwe chini ya milimita 2, wa kutoa 2.5. Umbali wa ukingo wa pistoni na hedi uwe 0.8 hadi 1. Kwa mgandamizo, usivuke 10.8 kwa 1. Kwa silinda ya 81.5, nafasi yote inayobaki juu ya pistoni, pamoja na unene wa gasketi, itakuwa cc 41. Pima kwa bomba la sindano, mafuta mepesi na kipande cha plastiki angavu. Usikadirie kwa macho.

Tabora iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa yake ni pungufu kwa asilimia 13 hivi kuliko wa Dar es Salaam. Nguvu nayo hupungua kwa kiasi kama hicho, na hakuna kamshafti itakayokurudishia yote. Jambo hili lina hatari wakati wa kuseti kontroli boksi. Kama utafunga vikoo vinne vya hewa (koo za kuingizia hewa, moja kwa kila silinda) na kontroli boksi inasoma tu jinsi kikoo kilivyofunguka, bila kipimo cha mgandamizo wa hewa ya nje, ramani iliyosetiwa Dar itakuwa na petroli nyingi kupita kiasi ukifika Tabora: plagi nyeusi, petroli inaosha oili kwenye kuta za silinda. Kinyume chake ni kibaya zaidi. Ramani iliyosetiwa Tabora ukishuka nayo Pwani hukosa petroli, na pistoni hutoboka. Dai kipimo cha hewa ya nje kiwepo na kiwe kimewashwa. Ukikanyaga mafuta yote, uwiano wa hewa na petroli ukae 12.8 hadi 13.2 kwa 1. Kikomo cha mizunguko kwenye kontroli boksi kitakulinda unapokanyaga, lakini ukikosea ukatia gia ya pili badala ya ya nne, magurudumu yataizungusha injini na hakuna kompyuta itakayoizuia. Injini nyingi za mbio zinakufa hivyo. Kwa hiyo mipira ya kushikilia injini na vichaka vya fimbo ya gia viwe vizima.

Themostati irudishe, ya nyuzi 82. Kwenye injini nyingi za Toyota kifaa hicho kina vali mbili: ikifungua njia ya rejeta, inafunga njia ya mkato. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi, na sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Kwa hiyo anayetoa themostati ili gari lisichemshe anaweza kuliongezea kuchemsha siku ya mbio, na siku za kawaida injini haipati joto, kontroli boksi inazidisha petroli na silinda zinakula. Tia rejeta nene zaidi, feni yenye kifuniko kinachofunika uso wote, na nusu kwa nusu ya kuleanti na maji safi, si ya kisima.

Vumbi ni adui wako kuliko joto. Mchanga wetu ni kwatsi, mgumu kuliko chuma cha silinda, na uwanja wa moramu unakupa wa kutosha kwa asubuhi moja. Usiendeshe vikoo wazi bila filta hata kwa picha. Filta iwe ndani ya boksi, na ya sponji yenye oili inafaa uwanjani. Baada ya kila mbio paka kidole grisi kidogo, pitisha ndani ya bomba baada ya filta. Ukisikia chembechembe, kuna mahali panavuja, na kwa kawaida ni klampu, si filta.

Kugawa kazi: kufungua, kuosha, kupima, kutengeneza sampu na kufunga vyote fanya Tabora, kwenye chumba kilichofagiwa na kumwagiwa maji sakafuni. Kuchonga krenki, kusugua silinda kwa bamba la toki, kusawazisha na kuseti kontroli boksi kwa mashine ya kupimia nguvu, peleka Dar es Salaam. Krenki isafiri ndani ya boksi la mbao, imepakwa grisi, imefungwa nailoni, imeshikiliwa kwenye shingo za ncha mbili; ikitupwa kwenye buti la basi chini ya magunia inaweza kupinda. Ikirudi, ipime unyookaji kabla ya kulipa salio.

Kama fedha hazitoshi kwa mara moja, fuata mpangilio huu: sampu, pampu, puli na geji, kisha krenki, beringi, konrodi na usawazishaji, kisha pistoni, hedi na kamshafti mwisho. Injini yenye chini imara na kamshafti za asili itakupa furaha kwenye 7,400 huku ukitafuta pesa nyingine. Ukigeuza mpangilio, kamshafti mpya zitaipeleka injini mahali ambapo bolti za zamani haziwezi.

Siku ya kuwasha, tia oili ya kawaida ya madini, si sintetiki, ili ringi zijikalishe. Toa plagi, kata umeme wa petroli, piga stata kwa vipindi vya sekunde 10 mpaka geji ionyeshe presha. Ndipo urudishe plagi. Ikiwaka, kagua mivujo, ifikishe kwenye joto lake, usiiache ikiunguruma tu. Ingia barabarani mapema. Barabara ya kwenda Nzega alfajiri, kukiwa hakuna ng'ombe, inafaa: gia ya tatu, kanyaga kutoka 3,000 hadi 5,000, achia ishuke yenyewe, rudia mara kumi. Msukumo huo ndio unaobana ringi ukutani, na kulidekeza gari kwa wiki mbili hung'arisha kuta kabla ringi hazijashika. Baada ya nusu saa mwaga oili, kata filta kwa msumeno, ikunjue karatasi yake kwenye jua. Vumbi laini la kijivu ni la kawaida. Vipande vinavyong'aa vyenye rangi ya shaba maana yake beringi imeanza kuliwa. Zima na ufungue sampu. Mwaga tena kwenye kilomita 800, hapo uhamie sintetiki. Pima valvu kwenye kilomita 1,000. Mpaka kilomita 1,500 kontroli boksi ikate kwenye 6,500.